Mashine Iliyovuka Kijito

Kabla hujawasha mashine, ng'ata punje. Usimwamini mwenye gunia anayekuapia kwamba mahindi yake yamekaa juani wiki nzima. Chukua punje moja, iweke kwenye gego, ng'ata. Ikilia na kupasuka, saga. Ikibonyea, mrudishie mwenyewe akaanike, hata kama ni mama mkwe wako. Mahindi mabichi huziba chekeche, unga hutoka wa moto na kushikana, na lawama zote zinakuwa zako. Mimi nimeng'ata punje kwa zaidi ya miaka thelathini, ndiyo maana leo natafunia upande mmoja. Magego ya kulia yalikwenda na kazi.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloweza kuwafundisha bila kuona haya. Mengine yana haya ndani yake, na nimechoka kuyabeba.

Aliyenisumbua niandike ni mjukuu wangu. Yeye ni mchomeleaji mageti kwenye karakana moja kule Kihonda. Mwenye karakana amezeeka, na mwezi uliopita aliwatangazia mafundi wake kwamba kuanzia sasa mkubwa wao ni binti yake. Mjukuu wangu, mtu mzima mwenye mke na mtoto, akaja kwangu amevimba mashavu.

"Babu, hivi kweli tutaamrishwa na dada tuliyekuwa tunamtuma soda?"

Nikamwambia akae. Akakaa. Nilipomaliza kumsimulia aliniuliza tu kama ninaweza kuyaandika, awasomee wenzake. Basi haya ni yenu, mafundi mnaoachwa na mzee wenu mikononi mwa binti yake. Mabinti wenyewe nao wakiyasoma si vibaya, ila nahisi hawatapata jipya. Wanatujua kuliko tunavyodhani.

Nilikuja Morogoro nikitokea Iringa, kijana mwenye mgongo imara na asiyejua kitu. Mzee Rajabu alikuwa na mashine ya kusaga nafaka Bigwa, pale mlima unapoanza kupanda, juu ya shamba la ukoo wake. Wanawake walishuka kutoka Uluguru na mahindi kichwani tangu alfajiri, na jua linapochomoza uwanja ulikuwa umejaa ndoo, mafuko na umbea. Mzee aliniangalia akasema mgongo ameuona, kichwa atakitafuta baadaye. Alikitafuta muda mrefu.

Niwaambie siku aliyokaribia kukata tamaa. Ndani ya mashine kuna nyundo, vipande vya chuma vinavyoning'inia kwenye mhimili na kuponda mahindi vinapozunguka. Zikilika unga unakuwa na chenga, kwa hiyo unazigeuza pembe, na pembe zote zikiisha unaweka mpya. Siku hiyo mzee alikuwa msikitini na mimi nilitaka kumfurahisha. Nilikuta nyundo mpya chache, hazitoshi pande zote. Nikaziweka upande mmoja, upande wa pili nikaacha zile kuukuu, nikawasha.

Mashine ikaanza kutembea. Sitanii. Bolti mbili zilizoishika kwenye saruji zilikatika, na bibi mmoja aliyekuwa akikinga unga alitoka mbio akaacha kanga na kiatu kimoja. Mzee Rajabu alirudi akanikuta nimeikumbatia mashine isiondoke.

Aliizima. Akakaa kwenye gunia, akajifuta jasho, akasema, "Yohana, mimi mke mmoja ananitosha. Lakini wenzangu wenye wawili nawaona. Usipowalinganisha, nyumba haikai. Nyundo nazo ni hivyo hivyo. Upande huu na upande ule, uzito mmoja."

Kuanzia hapo alinifundisha kupima kwa mikono. Nilifumba macho, nyundo moja kiganja hiki, nyingine kiganja kile, mpaka nijue ipi nzito. Nilikuwa fundi wa jambo hilo, nikajisifu nalo miaka mingi. Kisha siku moja binti yake, aliyekuwa akituletea chakula cha mchana, akatuangalia tunavyofumba macho kama watu wanaoomba dua, akauliza, "Baba, kwa nini msizipime kwenye mizani ya dukani?"

Tulimcheka. Alikwenda kuazima mizani kwa jirani, akaiweka juu ya gunia, akachukua nyundo mbili nilizokwisha kuzipitisha kuwa ni sawa. Mizani ikalala upande. Mzee Rajabu aliacha kucheka kabla yangu.

Binti huyo ndiye Zuhura, mtoto wake wa pekee. Alikuwa amemaliza sekondari, na chakula cha mchana kilikuwa kisingizio chake tu. Akishafika hakuondoka. Alikaa kwenye kona, akawauliza akina mama wanataka unga wa namna gani, nani anapika uji wa mgonjwa, nani mume wake hataki dona. Mimi sikuwahi kuwauliza. Mahindi yaliingia juu, unga ukatoka chini, kwangu kazi ilikuwa imekwisha. Na alikuwa na sikio. Siku moja tulikuwa tunakula, mashine inanguruma, akainua uso kutoka kwenye sahani.

"Baba mdogo, mkanda unateleza."

Sikuwa nimesikia kitu. Nilikwenda kutazama kwa ubishi tu, nikakuta mkanda umelegea na umeanza kuungua pembeni.

Mmesikia alivyoniita. Aliniita baba mdogo tangu alipokuwa na meno ya utoto. Mimi ni Mkristo wa Iringa, yeye ni Mwislamu wa Uluguru, hatuna damu hata tone. Lakini mtoto akimwita hivyo mtu anayefanya kazi na baba yake, amemhesabu ndani ya nyumba. Sikukuu za Idi sahani yangu ilipakuliwa pamoja na za wenyeji. Mke wangu alipojifungua, mama yake Zuhura, Bi Mwantumu, ndiye aliyekuja kumkanda maji ya moto. Yakumbukeni hayo, maana nilipokuja kuulizwa neno moja mimi sikuyakumbuka.

Kuna jambo la hapa inabidi mlielewe, hasa ninyi mliotoka mbali kama mimi. Kwetu mtoto ni wa baba. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, wenyewe wanauita lukolo, na ardhi inapita humo humo kwa mama. Mwanamume akifa, shamba la ukoo wake halishuki kwa watoto wake, linabaki kwa wapwa zake, watoto wa dada zake. Kwa hiyo Zuhura alikuwa na shamba kwa upande wa mama yake, ng'ambo ya kijito, unatupa jiwe linafika. Lakini mashine ya baba yake ilisimama juu ya ardhi ambayo yeye hakuwa na neno juu yake. Mwenye neno alikuwa mpwa wa mzee, aliyeitwa Shomari, mtu mcheshi, mkarimu, anayejua kuvaa. Mashine aliijua kwa nje.

Mzee Rajabu aliugua kifua muda mrefu. Mchana mmoja umeme ulikuwa umekatika, uwanja umenyamaza, tukawa wawili tu bandani. Akaniambia nivute gunia nikae karibu. Sikio langu la kushoto lilikuwa limeshakufa kwa kelele za mashine, nikamgeuzia la kulia. Kwa hiyo msije mkadhani sikusikia vizuri.

"Yohana, ardhi hii ni ya ukoo wangu na nitaiacha kwa ukoo wangu. Mila ni mila. Lakini mashine sikuirithi, niliinunua kwa jasho langu. Leo nikiwa hai na akili zangu, nimempa Zuhura. Nimempa, siyo nitampa. Shahidi ni wewe."

Nikamwambia, "Mzee, kwa nini usiite wenzako wa ukoo ukawaambia wenyewe?"

Akakohoa kwanza. "Nikiwaita, watanibembeleza mpaka nibadilike. Mimi nawajua na nafsi yangu naijua. Wewe si wa ukoo wangu wala wa mke wangu. Huna unachogombea. Ukisema wewe, watakusikiliza."

Nikasema, "Nimesikia, mzee." Umeme ukarudi, nikainuka kwenda kuwasha. Wiki mbili baadaye tulimzika.

Siku tatu kabla ya arobaini, Shomari alikuja nyumbani kwangu na majogoo wawili. Tuliongea habari za mvua na za mpira. Alipoaga akasimama mlangoni, akasema, "Fundi, mimi mashine sijui, sitaki kukudanganya. Nikipewa, msimamizi ni wewe. Mimi nitakuja kuwasalimia tu."

Hakuniambia niseme uongo. Hata leo sitamsingizia. Majogoo walikuwa majogoo tu, tukawala. Ila usiku ule na siku zilizofuata nilijitengenezea maneno kichwani. Nilijiambia mwanamke hataweza kuwagombeza wabeba magunia. Nilijiambia ataolewa, mume ataiuza mashine na mimi nitarudi Iringa na mgongo uliokwisha. Nilijiambia kwamba kwetu mambo haya huamuliwa na wanaume, kana kwamba kwetu ndiko nilikokuwa naishi. Mtu anayetaka kufanya ubaya hakosi sababu, na zangu zilikuwa nzuri kabisa.

Arobaini ikafika. Dua ikasomwa, watu wakala, kisha wachache tukabaki kwenye mkeka. Mkubwa wa ukoo, babu mmoja mwenye sauti ya taratibu, akaeleza kwamba mashine iko juu ya ardhi ya lukolo, na mpwa wa marehemu yupo, mambo yako wazi. Zuhura alikuwa amekaa nyuma ya mama yake. Babu yule hakuwa mtu mbaya. Aligeuka akanitazama mimi.

"Fundi, wewe ulikuwa naye siku zote kuliko sisi. Marehemu aliacha neno lolote juu ya mashine?"

Kuku walikuwa wakiparua nje. Niliitazama mikono yangu.

"Sikumbuki, mzee," nikasema.

Maneno mawili. Sijawahi kubeba gunia zito kama hayo. Sikusema hapana, mnaona? Nilikuwa nimejiachia kamlango ka kutokea, eti nikikumbuka nitasema. Zuhura aliinua uso akaniangalia, mara moja tu, halafu akaangalia mkeka. Nilidhani anaangalia kama mtu aliyefiwa.

Babu yule akasema basi mashine ibaki kwa Shomari, lakini mtoto asitoke mikono mitupu. Nyuma ya banda kulikuwa na mashine ya zamani, ile aliyoanza nayo mzee, imeliwa na kutu, na kwenye mdomo wake wa kumiminia mahindi kuku alikuwa akitaga. Akasema, "Mjukuu wangu, chukua ile."

Wapo waliocheka chini chini. Zuhura akasema, "Nashukuru, babu. Naomba tu ruhusa ya kuivusha, niiweke kwa mama yangu. Ardhi yenu nawaachia."

Aliivusha kesho yake. Wanaume sita wa ukoo wa mama yake waliibeba kwa miti miwili, wakaingia nayo kijitoni maji yakiwafika magotini. Kuku alikataa kushuka, akavuka nayo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa banda, msimamizi mpya, na sikwenda kushika hata ncha ya mti.

Ilimchukua masika mawili kuifufua. Fundi wa kwanza aliyemwita kutoka mjini alimbadilishia vyuma vizima kwa vibovu. Zuhura akamfukuza, akaamua kuifungua mwenyewe. Nilikuwa namwona kutoka upande wetu, amefunga kanga kiunoni, ameinama na spana, na mizani ya dukani iko juu ya kiti kando yake. Jirani alikuwa amemuuzia ile mizani. Asubuhi aliyoiwasha, mashine ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, kisha ikashika. Niliisikia kwa sikio moja nikajua nyundo zake ziko sawa pande zote. Sauti ya mashine iliyolingana haiumizi kifua. Nilikaa kwenye gunia, chai yangu ikapoa mkononi.

Huku kwetu, Shomari hakutosheka na kusalimia. Alikuwa na haraka. Nikiwarudishia wateja mahindi mabichi, ananiambia, "Fundi, unanifukuzia watu kwa meno yako. Saga tu." Nikawa nasaga. Chekeche zikawa zinaziba na kutoboka, unga unatoka na chenga, akina mama wananuna. Mmoja mmoja wakaanza kuvuka kijito. Sikuwalaumu. Kule walikuwa wanaulizwa wanataka unga wa namna gani.

Mwisho wake ulikuwa huu. Nyundo zilikuwa zimekwisha, Shomari akaleta mpya, nusu ya zinazohitajika. "Weka upande mmoja," akasema, "nyingine wiki ijayo." Nikamwambia mashine itatembea. Akasema, "Wewe washa."

Niliwasha. Mara ya kwanza, nikiwa kijana, nilifanya vile kwa sababu sikujua. Safari hii nilijua kila kitu, na bado niliwasha, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kunyamaza. Ukishanyamaza penye jambo kubwa, madogo yanakuwa mepesi. Mhimili ulipinda, mfuniko ukarushwa mpaka ukutani. Mungu alisaidia hakuna aliyeumia. Shomari aliniangalia, akaweka mikono kiunoni, akasema basi. Miezi michache baadaye banda likawa la mbuzi.

Nilikaa nyumbani wiki tatu. Mke wangu hakuniuliza kitu. Alikuwa akitoka na mahindi na kurudi na unga mzuri, na mimi sikumuuliza amesaga wapi. Wiki ya nne niliviringisha suruali, nikavuka kijito.

Zuhura alikuwa mlangoni. Nilitegemea maneno makali, nilikuwa nimeyaandalia majibu. Aliinama kidogo kama ilivyo adabu yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Nililisikia lile Fundi. Nikadhani ni mambo ya kazi, sasa yeye ni mkubwa na mimi ni mtu wa kuomba. Hata sikulifikiria sana. Akaingiza mkono kwenye gunia, akatoa punje moja, akanipa.

"Ng'ata, uniambie."

Nikang'ata mbele ya wateja wote. Ilibonyea kidogo sana, kiasi ambacho kijana asingegundua. Nikasema, "Bado siku mbili za jua."

"Anza kesho," akasema.

Nilifanya kazi kwake miaka mingi kuliko niliyotegemea kuwa nimebakiza. Niwaambieni ukweli, mafundi wenzangu: amri yake haikuwa na uzito tofauti na ya baba yake. Gunia ni lile lile. Aliwagombeza wabeba magunia, wakagombezeka. Aliolewa, na mume hakuiuza mashine, alijifunza kufunga mifuko. Alileta njia yake ya kupima unyevu: chupa kavu, chumvi kavu, unatia mahindi kidogo, unatikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi ni mabichi. Nilipinga mwezi mzima. Nilikuwa nang'ata kwanza, halafu natikisa chupa kumkomoa, na chupa inakubaliana na mimi kila mara, mpaka nikajiona mjinga kupoteza meno. Alisema, "Fundi, meno uliyobakiza ni ya nyama." Wateja wakacheka, nami nikacheka.

Babu yule wa ukoo alikuwa akivuka na kafuko kake ka mahindi, anashikwa mkono kwenye mawe. Zuhura alimsagia laini kuliko wote, maana hakuwa na jino hata moja. Na mashine aliyokuwa akisagiwa ni ile ile ya kuku, imepakwa rangi ya kijani. Baadaye iliongezwa ya pili, kisha ya kukobolea. Akina mama wa mlimani siku hizi hawasubiri foleni juani, wanaacha mahindi na jina, wanakwenda sokoni, wakirudi wanakuta unga wao. Ni jambo jepesi. Sisi wanaume wawili tuliwaacha juani miaka yote ile na hatukuliona.

Miaka yote hiyo neno la mzee lilikuwa kooni. Mara nyingi niliamka nikasema leo namwambia. Nikifika nakuta foleni, au mkanda umekatika, au ameamka na furaha. Halafu nikaanza kujipa moyo kwamba amefanikiwa bila hilo neno, sasa la nini kumtonesha. Maji yakishamwagika hayazoleki, nilikuwa nasema, na methali ikisemwa na mwenye kosa inakuwa blanketi.

Mwaka juzi magoti yalikataa kabisa. Nikaomba kupumzika. Zuhura alinifanyia shughuli pale pale uwanjani: pilau, doti ya kanga kwa mke wangu, gunia la sembe, na mkongojo wa heshima wa kutembelea. Watu walisema mengi mazuri juu yangu. Kila lililosemwa lilinichoma. Walipoanza kuondoka nikamwomba tukae bandani, tukakaa kwenye magunia, mashine zimezimwa.

"Mwanangu, kuna neno marehemu baba yako aliliacha kwangu."

Alikuwa anakunja mfuko mtupu. Hakuacha kuukunja.

"Nalijua," akasema.

Nikamgeuzia sikio la kulia.

"Aliniambia jioni ya siku ile ile aliyokwambia wewe. Akasema, 'Usiwe na wasiwasi juu ya mashine, nimemwachia neno baba yako mdogo.' Ndiyo maana siku ya arobaini sikufungua mdomo. Ningesema mimi, wangesema najipendelea. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nikakumbuka alivyoinua uso siku ile kwenye mkeka. Hakuwa akiangalia kama mtu aliyefiwa. Alikuwa akiangalia kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe na mwenye ufunguo amesimama pale pale.

"Sasa kwa nini ulinipokea?" nikamuuliza.

"Nilihitaji mtu anayejua mashine. Baba alisema hakuna anayeijua kama wewe, na katika hilo hakukosea." Akaweka mfuko juu ya mingine, akaunyoosha kwa kiganja. "Na sikutaka kuwa mtu wa kurudisha watu kijitoni."

Nililia, wanangu. Mzee mzima, na unga kwenye nyusi. Nikamwambia anisamehe.

"Nilishakusamehe," akasema, "hata kabla hujavuka."

Namwamini. Hasemi jambo asilolimaanisha, na miaka yote ile hakunionyesha hata siku moja uso wa kinyongo. Kwa hiyo nawaambia ninyi wa Kihonda, na wewe mjukuu wangu mwenye mashavu: binti wa mzee wenu anawajua wote, anajua nani amesimama wapi. Mkiulizwa jambo lake, semeni siku hiyo hiyo, kwa sauti, hata kama mnaona anayestahili ni mwingine. Msijipe miaka ya kutafuta nafasi nzuri. Nafasi ilikuwa moja, kwenye ule mkeka, na mimi nikaitazama mikono yangu.

Alinisindikiza siku ile mpaka kijitoni. Siku hizi kuna mawe yamepangwa, lakini magoti yangu hayakuyaamini, akanishika kiwiko, akatangulia mguu mmoja majini ili mimi nipite pakavu. Nilikuwa nikisubiri neno moja tu kutoka kwake, lile aliloniita tangu akiwa na meno ya utoto, nikadhani kwamba leo, baada ya yote yaliyosemwa, pengine litarudi.

"Taratibu, Fundi," akaniambia, "jiwe hili linateleza."